Tochi ya balbu isihukumiwe kwa lumeni peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nitoe maoni yangu kuhusu ushauri uliotolewa na ukurasa wako wa teknolojia, kwamba mtu anayetafuta tochi ndogo ya mfukoni atazame idadi ya lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, iliyoandikwa kwenye boksi, achukue yenye idadi kubwa kuliko zote, na kwamba zile tochi za zamani zenye balbu ya uzi hazina tena sababu ya kutajwa. Sehemu ya kwanza ya ushauri huo inaweza kumpotosha hata anayenunua tochi ya LED. Sehemu ya pili imenigusa zaidi, kwa kuwa mimi ni fundi wa redio, nimefanya kazi kwa mwanga wa tochi za balbu kwa miaka mingi, ninazo kadhaa zinazowaka hadi leo, na katika hizo ipo moja ambayo sijapata sababu ya kuiacha.

Nianze kwa kukiri lililo wazi. Katika kutumia betri kwa uangalifu, LED imeishinda balbu ya uzi kwa mbali sana. Balbu ya uzi hupitisha umeme katika uzi mwembamba wa tangsteni mpaka uzi huo upate joto la zaidi ya nyuzijoto 2,000 za Selsiasi na kung'aa, na sehemu kubwa ya nguvu inayotoka kwenye betri huishia kuwa joto tupu. Balbu ndogo ya tochi hutoa lumeni 10 hivi, pengine 20, kwa kila wati moja, ilhali LED nzuri za siku hizi huvuka 100. Anayelinda usiku kucha, anayetembea safari ndefu gizani, au anayehitaji kuona kitu kilichosimama mita 200 mbele yake, achukue LED, wala sina neno la kumshawishi vinginevyo. Mimi ninazungumzia tochi ya kukaa mfukoni au kando ya kitanda, ya kazi za dakika tano au kumi, ambazo nyingi hufanyika katika umbali usiozidi urefu wa mkono.

Nitaeleza tukio moja. Usiku mmoja mwanangu alikanyaga ubao mkavu na kibanzi kikamwingia unyayoni. Nilikuwa na tochi mpya ya LED, yenye mwanga mkali mweupe unaoelekea kuwa wa buluu, nikamulika. Unyayo wote ukawa mweupe kama karatasi. Ngozi, vumbi na pale alipoumia vikafanana, na kila nilipoisogeza tochi karibu macho yangu yaliumia bila kuona zaidi. Mama yake akaniletea tochi yangu ya balbu. Nikazungusha kichwa cha tochi mpaka mwanga ukatulia, na kwa mwanga ule wa manjano nikaona wekundu umezunguka alama ndogo mfano wa ncha ya kalamu, na chini ya ngozi mstari wa kahawia uliolala mshazari. Nilipojua kibanzi kinaelekea wapi, nilikishika kwa kibano na kukivuta mara moja. Kwa hesabu ya lumeni, ile tochi ya kwanza ilikuwa na nguvu zaidi ya mara 20 ya hii ya pili.

Sababu yake inaeleweka. Uzi wa tangsteni unaong'aa kwa joto hutoa rangi zote za upinde wa mvua kwa mfululizo usiokatika, na nyekundu huitoa kwa wingi. LED nyeupe ya kawaida kwa asili yake hutoa mwanga wa buluu, ambao hupitishwa katika tabaka la unga wa manjano ili sehemu yake igeuzwe kuwa rangi nyingine, na kwa LED nyingi zinazotiwa katika tochi nyekundu iliyokolea hubaki pungufu. Kipo kipimo cha uaminifu wa mwanga kwa rangi za vitu, kinachoitwa CRI, ambacho kilele chake ni 100. Balbu ya uzi hukaribia 100 bila juhudi yoyote, wakati LED nyingi za tochi hukaa kati ya 70 na 80. Zipo LED zinazovuka 90 na ninaziheshimu, lakini kipimo hicho mara nyingi hakiandikwi kwenye boksi, na ukurasa wako haukukitaja hata kwa neno moja.

Katika kazi yangu tofauti hiyo inaonekana kila siku. Rezista, kile kijibomba kidogo cha kuzuia umeme ndani ya redio, huandikwa thamani yake kwa mistari ya rangi. Kahawia, nyeusi, nyekundu ni omu 1,000, omu ikiwa kipimo cha uzuiaji huo. Kahawia, nyeusi, rangi ya chungwa ni omu 10,000. Anayemulika ndani ya redio kwa mwanga usioitendea haki nyekundu anaweza kuziona nyekundu, chungwa na kahawia kama rangi moja iliyochakaa, akaweka kifaa chenye thamani mara kumi ya kinachotakiwa. Ndiyo maana tochi ya balbu haijawahi kuondoka kwenye meza yangu, ingawa taa kubwa ya meza yenyewe ni ya LED.

Sasa, mtu akiniuliza achague ipi, mimi humwambia aanze na betri, maana tochi hufa mapema pale betri zake zinapokuwa za shida kupatikana. Tochi ndogo za balbu ziko katika makundi machache. Kuna za betri moja ya AAA, kama Maglite Solitaire, ambayo huning'inia na funguo na kutoa lumeni 2 hivi. Hiyo inatosha kuona tundu la kufuli, wala si zaidi ya hapo. Kuna za betri mbili za AA, ambazo kwangu ndizo kipimo kizuri kati ya udogo na kazi. Kisha kuna kundi la betri za litiamu za CR123, zilizozoeleka kwanza katika kamera, kila moja ikiwa na volti 3. Katika kundi hili SureFire 6P ilijijengea jina kubwa: betri mbili, balbu ya lumeni 65, na betri kwisha baada ya saa moja hivi. Ndugu yake mwembamba zaidi, E2e, ilitoa lumeni 60. Nimewahi kuishika 6P na nakiri kwamba mwanga wake ni mzuri kuliko wa tochi yoyote ya balbu niliyotumia. Kioo chake cha ndani, kile kinachokusanya mwanga na kuurusha mbele, kina vijipele vidogo vidogo kama ganda la chungwa, na vijipele hivyo huufanya mwanga utandazike laini bila mikanda wala mapengo. Lakini tochi inayomaliza betri mbili za aina ya pekee kwa saa moja haiwezi kuwa ya kila siku kwa mtu wa kawaida.

Chaguo langu ni Mini Maglite ya betri mbili za AA. Kampuni ya Mag Instrument ya California, iliyoanzishwa na Anthony Maglica, ilianza kuuza tochi kubwa za Maglite mwaka 1979, na hii ndogo ikafuata mwaka 1984. Ni bomba la alumini lenye urefu wa sentimita 14 na nusu hivi, lililochongwa na kutiwa rangi isiyobanduka kirahisi, likiwa na mikwaruzo ya makusudi ya kuzuia mkono usiteleze. Haina kitufe. Ukizungusha kichwa inawaka, ukiendelea kuzungusha mwanga hutanuka kutoka doa dogo hadi duara pana. Ukikifungua kichwa kabisa na kukiweka mezani, kisha ukasimamisha mwili wa tochi ndani yake, balbu hubaki wazi juu ikimulika pande zote kama mshumaa, na mikono yako yote miwili iko huru. Mwanga wake ni lumeni 14 hivi, kwa takriban saa tano za betri mpya za alkalini. Na ndani ya kifuniko cha nyuma, katikati ya springi, imehifadhiwa balbu ya akiba. Kwangu mimi hilo la mwisho ndilo jambo kubwa kuliko yote, kwani aliyeitengeneza alijua balbu itaungua siku moja, akaweka dawa ndani ya tochi yenyewe.

Sisemi kwamba haina kasoro. Kioo chake cha ndani ni laini kabisa, kwa hiyo ukiutanua mwanga unapata tundu jeusi katikati na mikanda ya mwanga na kivuli pembeni. Ukimulika ukurasa wa kitabu, neno unalolisoma linaweza kuangukia ndani ya tundu hilo. Mimi huwa nauacha mwanga katika doa dogo kisha narudisha kichwa nyuma kiasi kidogo sana, mpaka lile doa linapoanza tu kulainika kingo. Wapo wanaobandika kipande cha plastiki yenye ukungu mbele ya kioo, nami nimejaribu. Mwanga unakuwa sawasawa kabisa, ila umbali unapotea. Tena, kwa kuwa tochi yenyewe huwashwa kwa kuzungushwa, kichwa kilicholegea kinaweza kuiwasha mfukoni bila mwenyewe kujua. Pete ya mpira iliyo shingoni ikikauka, ipakwe mafuta kidogo ya silikoni, nayo itarudi kushika.

Jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu tochi za namna hii ni jinsi balbu inavyoitikia volti. Kati ya betri na balbu hakuna kifaa chochote cha kusawazisha umeme, hivyo kila mabadiliko ya betri huonekana moja kwa moja katika mwanga. Volti ikizidi kwa asilimia 5 tu, mwanga huongezeka kwa karibu asilimia 18, lakini umri wa balbu hupungua karibu nusu. Ndiyo maana balbu lazima ilingane na idadi ya betri. Balbu zenye kola, yaani ukingo wa chuma shingoni, zinazotumika katika tochi nyingi za plastiki, hufanana kwa macho. Hata hivyo ile inayoitwa PR2 ni ya volti 2.38 kwa betri mbili, na PR3 ni ya volti 3.57 kwa betri tatu. Anayeweka PR2 katika tochi ya betri tatu atafurahia mwanga mweupe kwa muda mfupi sana kisha atabaki gizani, akidhani ameuziwa balbu mbovu.

Kwa sababu hiyo hiyo tochi ya balbu humwambia mwenyewe hali ya betri. Mwanga huanza kuwa wa manjano, halafu wa chungwa, halafu mwekundu kama kaa la moto, na yote hayo huchukua muda wa kutosha kumaliza kazi au kurudi nyumbani. Baadhi ya tochi za LED zenye kudhibiti umeme hukaa na mwanga uleule hadi mwisho, kisha huzimika ghafla. Wapo wanaopenda hivyo. Mimi napenda kuarifiwa.

Kuhusu aina ya betri, watu huogopa kutumia za kuchaji za NiMH kwa kuwa zimeandikwa volti 1.2 badala ya 1.5 za alkalini. Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Alkalini huanza kushuka tangu dakika za kwanza na kuendelea kushuka, ilhali NiMH hukaa karibu na 1.2 kwa muda mrefu wa matumizi yake, hivyo mwanga wake huanza chini kidogo lakini hautetereki, na balbu huishi zaidi. Kwa tochi ya kazi ya kila siku nazitumia hizo. Kwa tochi ya akiba, inayokaa droo miezi na miezi, natumia betri za AA za litiamu zisizochajiwa. Kila moja ina uzito wa gramu 15 hivi badala ya 23 za alkalini, na hukaa miaka mingi bila kupoteza nguvu. Zikiwa mpya huipa balbu mzigo kidogo zaidi, na nimeukubali mzigo huo kwa sababu ya jambo lililonipata.

Tochi yangu ya kwanza ya alumini niliipoteza kwa kuvuja kwa betri. Niliiweka na betri za alkalini ndani, nikaisahau msimu mzima. Nilipoichukua haikuwaka, na nilipofungua kifuniko cha nyuma nikakuta springi imefunikwa unga mweupe unaofanana na chumvi iliyoshikana. Betri ya juu ilitoka kwa kugongagonga. Ya chini haikutoka. Ilikuwa imevimba na kushikana na kuta za bomba, kwa kuwa maji yanayovuja kwenye alkalini ni potasiamu haidroksaidi, ambayo huila alumini. Niliingiza siki kidogo ili kuua ukali wa ile dawa, nikasubiri, nikaosha, nikajaribu skrubu ndefu, nikajaribu hata kuchoma bomba kwa maji ya moto, na mwishowe nikatumia drili, nikaiharibu tochi yenyewe. Kosa lilikuwa langu. Tochi isiyotumika kwa mwezi mzima itolewe betri, au iwekwe zile za litiamu, hasa ikiwa bomba lake ni jembamba linalobana betri bila nafasi ya kupumua.

Niseme kidogo pia juu ya utunzaji wa balbu. Uzi ukiwa baridi huzuia umeme kwa kiasi cha sehemu moja tu kati ya kumi ya unavyozuia ukiwa moto, hivyo wakati wa kuwasha hupita umeme mwingi kwa ghafla, na ndiyo sababu balbu nyingi hufia palepale zinapowashwa. Kuwasha na kuzima mara kwa mara kama mchezo huifupishia maisha. Tochi ikianguka ikiwa inawaka, uzi uliolainika kwa joto unaweza kugusana au kukatika. Balbu zenye gesi ya halojeni zisishikwe kioo chake kwa vidole vitupu, maana mafuta ya ngozi huungua juu ya kioo kilicho moto na kukidhoofisha. Mimi hushika kwa kipande cha kitambaa safi hata kwa balbu zisizo za halojeni, na kuiingiza miguu yake miwili katika matundu taratibu bila kuipinda.

Tochi ya umeme ina historia ndefu iliyopitia kwenye balbu hiyo hiyo ya uzi. David Misell alipata hataza ya tochi ya mkononi nchini Marekani Januari 1899, na zile za mwanzo ziliweza kumulika kwa kitambo kifupi tu kabla betri hazijachoka, kwa kuwa betri zilikuwa dhaifu na balbu zilitumia uzi wa kaboni. Kufika kwa uzi wa tangsteni na betri bora ndiko kulikowezesha chombo kinachoingia mfukoni na kudumu saa tano. Ndiyo maana huniuma kusikia kwamba teknolojia hiyo haifai hata kutajwa, ilhali matunda yake bado yapo kwenye droo za watu, mengi yakiwa hayana ubaya wowote isipokuwa balbu moja iliyoungua.

Ninaloliomba kwa ukurasa wako ni dogo. Mtakapolinganisha tochi tena, zimulikeni pia katika umbali wa mkono: juu ya kiganja, juu ya kitambaa chenye nyekundu na kahawia, juu ya waya za rangi mbalimbali, kisha mwandike mlichokiona pamoja na lumeni. Watajeni pia wanaouza tochi zinazoweza kufunguliwa na kubadilishwa balbu, na muwaulize kama wanazo balbu za akiba, maana watengenezaji wengi wamehamia LED na balbu hizo zinazidi kuwa chache.

Na wasomaji wenzangu wenye tochi ya zamani iliyolala mahali, naomba waifungue leo, watoe betri, na watazame ndani ya kifuniko cha nyuma. Kwenye yangu balbu ya akiba ilishaingia kazini zamani. Nikatafuta nyingine mbili: moja nimeirudisha katikati ya springi, na ya pili nimeifunga kwa pamba ndani ya kichupa cha vidonge, nikaandika juu yake volti zake na tochi inayohusika, ili hata asiyejua mambo haya aweze kuitumia nisipokuwepo.

Wako,
Fundi redio, msomaji wa siku nyingi wa gazeti hili